Mrejesho: paladini wangu aliyemdanganya mlinzi wa geti

Wakuu narudi kwa ile ishu ya paladini wangu (shujaa mpiganaji mwenye nguvu za kiapo) kwenye Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, niliuliza kama kumdanganya mlinzi wa geti ili tuwatoe mateka ni kuvunja kiapo, maana mwendesha mchezo wetu alitaka kumnyang'anya nguvu zote palepale. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ule ushauri wenu wa kukaa na mwendesha mchezo kabla ya gemu tukasoma kiapo cha paladini wangu, kile cha Devotion (kujitoa kwa dhati) cha toleo la 5 la mchezo, la 2014, kina nguzo tano, ukweli, ujasiri, huruma, heshima na wajibu, tukaona hapa ukweli umegongana na huruma, siyo kwamba jamaa kageuka muovu. Toleo la 3 lilikuwa kali, ukitenda uovu kwa makusudi nguvu zinaondoka, hili la 5 linaanza na toba, basi paladini wangu akakesha usiku kucha anasali na nguvu zake kabaki nazo.

Ule ushauri mwingine wa kila mchezaji kuandika kanuni za mhusika wake umegoma, wawili hawajaandika hata mstari na bado tunabishana. Ila paladini wangu sasa nampenda kuliko mwanzo, nashukuru sana wakuu.