Nimebaki na kisahani kimoja cha bibi, natafuta wenzake kwenye maduka ya mitumba. Naomba ushauri

Kisahani Kimoja (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Bibi yangu mzaa mama alituachia seti ya vikombe sita na visahani vyake. Siku tuliyohama nyumba boksi lilidondoka kwenye ngazi, na kilichotoka kizima ni kisahani kimoja tu. Ni cheupe, kina maua madogo ya zambarau na mstari mwembamba wa dhahabu ukingoni. Mstari huo umefifia upande mmoja, pale alipozoea kuweka kidole gumba. Nikikigeuza, kitakoni kuna mhuri mwekundu: "Made in Occupied Japan". Chini ya maandishi kuna kialama kama jani, nusu yake imefutika.

Huu ni mwaka wa pili napita kwenye maduka ya vitu vya mtumba kutafuta vikombe vyake. Njiani nimejikuta nanunua na vingine, maana nikiona chombo cha zamani kilichotengenezwa kwa moyo nashindwa kukiacha. Mwezi uliopita nilichukua bakuli zuri sana la kauri. Nyumbani nikamimina maji ya moto, likalia "tk!" na ufa ukajitokeza kutoka ukingoni hadi katikati. Kilichoniuma ni kwamba nililishika mkononi dukani dakika tano nzima na sikuona kitu.

Naomba mnisaidie. Huo mhuri unasema nini hasa? Chombo kikuukuu kinakaguliwaje kabla hujatoa pesa? Na je, vyombo hivi ni salama kulia na kunywea, au ni vya kabatini tu?

Mzee wa Kauri

Pole sana binti yangu. Hicho kisahani kitunze, kina historia iliyoandikwa kitakoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ilikaliwa na majeshi ya nchi washirika kuanzia 1945 hadi Aprili 1952. Bidhaa nyingi zilizosafirishwa nje wakati huo zilipigwa chapa ya maneno hayo uliyoyasoma, yaani "Imetengenezwa katika Japani iliyokaliwa". Kwa hiyo mhuri wako unakupa umri ndani ya miaka michache sana, jambo ambalo vyombo vingi havikupi.

Ukiwa dukani, jina la nchi litakusaidia mno. Mwaka 1891 Marekani ilianza kudai kwamba bidhaa zinazoingia kwake ziandikwe nchi zilikotoka. Ndiyo maana kauri ya Uingereza yenye neno "England" peke yake kwa kawaida ni ya baada ya hapo, na "Made in England" aghalabu ni ya karne ya 20. Wajapani nao waliandika "Nippon" mpaka 1921, Marekani ilipotaka jina hilo liandikwe kwa Kiingereza, likawa "Japan".

Tahadhari moja. Kwa kuwa wakusanyaji wanautafuta sana mhuri huo wako, wapo walioughushi kwenye vyombo vipya. Mhuri uliopigwa kabla ya glazi, ule utando unaong'aa kama kioo juu ya kauri, hautoki hata ukipanguswa kwa asetoni, ila mhuri wa juu ya glazi unaweza kutoka hata ukiwa halali. Huo wako uliofutika nusu nadhani ni wa juu ya glazi, kwa hiyo usiusugue wala kuujaribu na chochote.

Halafu usitafute kwa maua peke yake. Viwanda vilikuwa vingi, na ua la zambarau lilibandikwa kwenye vyombo chungu nzima. Katikati ya kisahani chako kuna kiduara kilichobonyea, pale kikombe kinapokaa. Pima upana wake kwa rula, uandike kwenye simu. Kikombe ambacho kitako chake hakikai humo si mwenzake, hata maua yakifanana vipi.

Mama Buli

Mdogo wangu, hilo bakuli lilikuwa na ufa tangu dukani. Hukuuona kwa sababu ulitumia macho, na ufa wa kauri mara nyingi husikika kabla haujaonekana.

Mimi nafanya hivi. Chombo nakiweka juu ya ncha za vidole vya mkono mmoja, kiganja kisiguse, kisha nakigonga taratibu ukingoni kwa kucha. Kauri nzima inalia na mlio unabaki hewani kidogo. Yenye ufa inajibu "pu", basi. Gonga sehemu tatu au nne, maana wakati mwingine upande mmoja unalia vizuri na wa pili umekufa. Vyombo vizito vya udongo havilii kama kauri nyembamba, kwa hiyo linganisha na chombo kingine cha aina hiyohiyo hapo dukani.

Kisha nafumba macho na kuzungusha kidole ukingoni polepole sana. Pengo dogo kama punje ya mchele macho hulipita, kidole hakilipiti. Baada ya hapo tochi ya simu ndani, mimi natazama kwa nje. Kauri nyembamba inapitisha mwanga mpaka unaona kivuli cha vidole, na ufa unajichora kama unywele. Usichanganye na ule utando wa nyufa ndogondogo za glazi ulioenea chombo kizima. Huo ni uzee wa glazi, lakini chombo cha namna hiyo kinanyonya maji na madoa, mimi sikitumii kwa chakula.

Mahali pa kukagua mara mbili ni pale mkono wa kikombe unapoungana na tumbo. Kwenye buli angalia mzizi wa mdomo na kishikio cha mfuniko. Gundi ya zamani hugeuka njano. Na kibandiko cha bei kikikaa pahali pa ajabu, omba ruhusa ukibandue. Nimeshakuta pengo chini yake zaidi ya mara moja. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Jicho la Pili

Naongezea kwenye usalama, maana hapo sitaki tucheke na nyani.

Rangi na glazi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilianza kuweka viwango vya risasi inayotoka kwenye vyombo vya kauri miaka ya 1970, kwa hiyo kauri nyingi tunazookota mitumbani zilichomwa kabla ya viwango hivyo. Hatari inaongezeka pale nakshi iliyo juu ya glazi inapochakaa, na pale unapoweka vitu vichachu au vya moto kwa muda mrefu. Pitisha kidole juu ya ua: ukihisi limeinuka, liko juu ya glazi.

Sahani nyekundu za Fiesta, zilizoanza kutoka 1936 huko Marekani, zilipata rangi yake kwa oksidi ya urani, madini yenye mionzi. Ni nzuri, zipambe ukutani. Glasi nyingi za kristali za zamani nazo zina risasi, na kile kinachouzwa kwa jina la kristali ya risasi kinatakiwa kuwa na oksidi yake isiyopungua asilimia 24. Kunywa na kumaliza ni jambo moja, kulaza kinywaji humo siku nzima ni jingine. Na chochote chenye mstari wa dhahabu kisiingie kwenye maikrowevu, kitatoa cheche.

Mpenda Vya Kale

Mimi nakunywea vikombe vya aina hiyo miaka yote na sijawahi kuumwa. Tusimtishe dada wa watu.

Jicho la Pili

Mkuu, risasi haikuumizi leo ukaijua leo. Inajikusanya mwilini, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Kama anataka kukitumia kila siku, akakipime maabara. Vile vijiti vya kupimia nyumbani vinaweza kuonyesha risasi ipo juu ya chombo, lakini havisemi ni kiasi gani kinaingia kwenye chakula.

Fundi Glasi

Kwa upande wa glasi kwa ufupi. Ukikuta glasi ina ukungu, jaza siki usiku mmoja. Ukungu wa chumvi za maji utatoka. Usipotoka, glasi yenyewe imelika na hairudi tena. Mabakuli ya rangi ya Pyrex, yale ya kuanzia 1945, usiyaoshe kwa mashine, rangi inakwisha mng'ao na hakuna dawa. Na kijiko chenye herufi EPNS kimepakwa fedha juu tu. Fedha halisi mara nyingi ina namba 925.

Kisahani Kimoja (mleta uzi)

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Nilianza kutembea na kisahani chenyewe kwenye mkoba, nimekifunga kwa kitambaa mara mbili.

Jana nimekuta kikombe kimoja nyuma ya rundo la sahani. Maua ya zambarau, dhahabu ukingoni. Nikakiweka juu ya kisahani na kikaingia kwenye kiduara bila kuchezacheza, mikono ikaanza kunitetemeka. Nikafanya kama Mama Buli alivyosema. Upande wa kwanza kililia. Karibu na mkono kikajibu "pu". Nikawasha tochi, na kweli kuna unywele umeshuka kutoka kwenye mkono hadi karibu na kitako.

Nimekinunua hivyohivyo, kwa kujua. Hakitawekwa kinywaji, kimekaa kabatini juu ya kisahani cha bibi, na vya kunywea naendelea kutafuta. Mzee wa Kauri, nilikigeuza pia. Mhuri wake haujafutika hata kidogo: kile nilichodhani ni jani ni ndege, na ile ncha niliyoiona kama ya jani ndiyo bawa lake.