Sabasaba, Nanenane Morogoro au matamasha ya Unguja? Likizo ni moja tu

Mpangaji_Kimara
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wa haraka maana hela ikikaa sana mfukoni inaota miguu. Mwaka huu nataka familia ile raha kidogo kwenye maonesho au tamasha la kila mwaka, siyo kila likizo tunakaa ndani kugombania rimoti. Nimechuja yamebaki manne: Sabasaba ya biashara hapa hapa Dar, Nanenane ya wakulima Morogoro, halafu Unguja kuna Sauti za Busara la muziki na lile la filamu, ZIFF. Bajeti laki sita. Mliokwenda semeni, lipi linalipa?

Fundi_Gerezani
Mkuu umeuliza nusu swali. Mko wangapi? Watoto wana umri gani? Likizo ni mwezi gani? Laki sita ya watu wawili na laki sita ya watu saba siyo hela moja.

Binti_Malindi
Sauti za Busara, na uzi ufungwe. Kaka yangu, hujakaa Ngome Kongwe usiku ukasikia ngoma inagonga zile kuta za mawe hadi kifuani, hujala raha. Lipo tangu 2004. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, mji ukapoa Februari nzima, ndipo wengi tukajua tulikuwa na nini. Unamkuta bibi wa taarabu na kijana wa ala za umeme kwenye jukwaa moja, jioni moja. Ukitoka hapo unavuka barabara tu, Forodhani, urojo na mishikaki.

Fundi_Gerezani
Dada, mtu hajasema hata likizo yake ni lini na wewe umeshamfikisha kwenye urojo.

Mzee_wa_Tandika
Sabasaba, mwanangu. Huanza tarehe 28 Juni hadi 13 Julai, kwa hiyo una wiki mbili za kuchagua siku. Kosa la watu ni kwenda tarehe 7 yenyewe. Siku hiyo hata upepo unapanga foleni. Nenda Jumanne au Jumatano, saa tatu asubuhi uwe getini, panda daladala za Mbagala, kondakta mwenyewe atakupigia kelele "Sabasaba!" Anza na banda la Maliasili watoto waone simba kabla foleni haijafika barabarani. Pita banda la Magereza ukaone samani, mbao ya kweli, siyo zile za kubandika. Mimi kabati langu la Magereza limehama nyumba tatu na milango bado inafunga.

Na kuna jambo watu hawalisemi: taasisi zinahamia pale. Wale wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huwa na banda la kupima. Mimi niligunduliwa presha pale pale, nimekwenda kutafuta jembe.

Mama_Kikaango
Naomba niweke kisa changu hapa, labda mtu atapona. Mwaka juzi, Sabasaba, siku ya mwisho kabisa. Napita kwenye vibanda vya nje, namkuta kijana kavaa aproni nyeupe, kipaza sauti kinaning'inia shingoni. Anavunja yai kwenye kikaango kikavu, hakuna hata tone la mafuta. Yai linateleza kama liko juu ya sabuni. Anakigonga na kijiko cha chuma. Anamwaga sukari, inaungua hadi inakuwa lami, halafu anaibandua yote kwa kidole kama anamenya ndizi. Watu tunapiga makofi.

Akasema dukani laki na nusu, lakini kwa heshima ya Sabasaba elfu themanini na tano, ukichukua viwili laki na hamsini. Nikachukua viwili. Mimi! Mtu ninayebishana na muuza nyanya kwa shilingi mia.

Nyumbani nikawaita watoto waje waone maajabu. Yai la kwanza likashika. Nikasema moto mkali. La pili likashika. La tatu nikatia mafuta, likashika pamoja na mafuta yake. Mume wangu hakusema neno, akavaa ndala akaenda kununua mkate.

Kesho yake nikafunga safari kutoka Bunju hadi barabara ya Kilwa kurudisha. Nakuta mafundi wanang'oa maturubai. Pale kwenye banda pamebaki fremu tupu, trei za mayai na rundo la maboksi ya vikaango yaliyochanwa, matupu. Nikasimama nayatazama. Ndipo nikaelewa: kila baada ya mayai machache yule kijana alikuwa anafungua kikaango kipya. Namba iliyo kwenye risiti haipatikani hadi leo. Kimoja naweka funguo, kingine kuku wanakunywea maji.

Fundi_Gerezani
"Akavaa ndala akaenda kununua mkate" 😂 Huyo mume mtunze sana.

Mzee_wa_Tandika
Pole mama yangu. Ila kosa si la Sabasaba, ni la siku ya mwisho. Mfanyabiashara anayejua kesho hayupo hana sababu ya kukuogopa. Nunua siku za mwanzo, nenda kajaribu nyumbani, kikigoma unamrudia bado yupo. Na kwenye mabanda ya VETA (vyuo vya ufundi) na SIDO (viwanda vidogo) unamkuta aliyetengeneza kitu mwenyewe, muulize anapatikana wapi mwaka mzima.

Mama_Kikaango
Baba, hayo maneno ungeniambia mwaka juzi.

Jongoo_wa_Kihonda
Kwa nini Nanenane inapitwa hivi hivi kama kituo cha mafuta? Mimi ni wa Morogoro, sijifichi. Ni kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti. Sabasaba unaangalia friji ambalo hata Kariakoo lipo. Nanenane unaona vipando: mahindi ya mbegu tatu yamepandwa sambamba, udongo mmoja, maji yale yale, unajionea mwenyewe ipi imebeba na ipi ina majani tu. Kuna samaki, nyuki, sungura, mbuzi wa maziwa, ng'ombe ambao ukisimama karibu unajiona mfupi. Wataalamu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, wapo, unamwuliza mtu swali anakujibu bila kukuuzia kitu. Na siku hizi unapanda treni ya umeme toka Dar, daraja la kawaida elfu 13, hata usingizi hujaupata umefika.

Mwl_Mstaafu
Naingilia kidogo. Vijana wengi hapa hawajui kwamba Sabasaba na Nanenane ni ndugu. Tarehe 7 Julai ni siku kilipozaliwa chama cha TANU mwaka 1954, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa sikukuu ya wakulima pia. Baadaye wakulima wakahamishiwa Agosti, Julai ikabaki na biashara. Kwa hiyo kuuliza ipi ni bora ni kama kuuliza yupi bora kati ya pacha.

Pili, nawaona wote mnaandika "maonesho". Sisi tulifundisha "maonyesho".

Fundi_Gerezani
Mwalimu shikamoo. Ona, onesha, maonesho. Onya, onyesha... unamwonya nani pale Sabasaba?

Mama_Kikaango
Mimi nilistahili kuonywa kwa kweli.

Mwl_Mstaafu
Marahaba. Hoja hiyo naijua tangu hujazaliwa. Lugha ni ya wasemaji, na mamilioni wanasema "nionyeshe". Ukimwambia bibi yangu "nionyeshe" na "nioneshe" atakuelewa vyote, lakini hatakubali kwamba yeye alikosea miaka tisini.

Jongoo_wa_Kihonda
Mabango ya getini yanasema MAONESHO. Kesi imekwisha.

Mwl_Mstaafu
Bango si kamusi, kijana.

Mpangaji_Kimara
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Majibu: likizo yangu ni tarehe 1 hadi 14 Julai, bosi ameshasaini. Tuko watano: mimi, mke, watoto wawili (miaka minne na tisa) na mama mzazi anakuja toka Tabora kwa mara ya kwanza. Hajawahi kuona bahari. Magoti yanamsumbua kidogo.

Fundi_Gerezani
Yaani Julai! Tumekaa hapa tunalinganisha na tamasha la Februari na maonesho ya Agosti. Mkuu, hii ungeiweka mstari wa kwanza.

Binti_Malindi
Basi ZIFF. Lakini angalia tarehe mapema maana huwa inahama: 2024 ilikuwa mwanzoni mwa Agosti, 2025 mwishoni mwa Juni. Filamu zinaonyeshwa (ndiyo, Mwalimu, zinaONYESHWA) uwanjani Ngome Kongwe, anga juu yako. Mama anakaa kwenye kiti, magoti hayateseki.

Mpemba_Halisi
Mie nitasema ambalo Binti hasemi kwa mapenzi ya mji wake. Julai ni kusi, upepo mkali wa kusini. Bahari hainyamazi. Boti inachukua kama saa mbili na kwa mtu ambaye hajapata kuona bahari, saa mbili za kusi ni ndefu. Mie mzaliwa wa pwani nimeshaiona mifuko ile ya plastiki inagawiwa safu nzima, wa mbele anatapika, wa nyuma anaanza kwa kumsikia tu. Mlete mama Februari, wakati wa upepo wa kaskazi, bahari imelala kama mkeka. Na asisahau kitambulisho.

Binti_Malindi
Sasa unaona? Februari. Nilisema Sauti za Busara tangu mwanzo.

Mpemba_Halisi
Mimi nimesema kaskazi, sikusema Busara. Mie mwenyewe moyo wangu uko Makunduchi, kwenye sherehe ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa. Wanaume wanatandikana kwa vigogo vya migomba, anayemaliza kinyongo chake anakimaliza pale, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake na kanga zao mpya wanaimba mafumbo hata ukaona haya kusikiliza. Mgeni haulizwi katoka wapi, anavutwa nyumbani akale. Ila huwa baada ya katikati ya Julai, likizo yako itakuwa imekwisha.

Mzee_wa_Tandika
Kila mtu hapa anampeleka mtu anakopenda yeye. Kijana, tarehe zako zinasema Sabasaba. Mama mtafutie kivuli, mchukue na kiti cha kukunja, pale kutembea ni kwingi. Mtoto wa miaka minne mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Wangu alipotea dakika arobaini. Tulimkuta kwenye foleni ya simba, anaingia mara ya tatu.

Mama_Kikaango
Na bahari ataiona Kigamboni. Kivuko ni dakika chache, hata akitapika hajamaliza ameshafika.

Jongoo_wa_Kihonda
Swali moja kwa mleta mada. Mama kule Tabora anafanya shughuli gani?

Mpangaji_Kimara
Mkulima. Tumbaku kidogo zamani, siku hizi mahindi, karanga na ng'ombe wawili wa kienyeji.

Jongoo_wa_Kihonda
Na unataka kumpeleka kuona friji.

Mpangaji_Kimara
😅 Nimempigia sasa hivi. Nimemweleza yote, bahari, simba, filamu, treni. Akanisikiliza vizuri hadi mwisho. Kisha akauliza, "Hao ng'ombe wa huko Morogoro, mmoja anatoa lita ngapi kwa siku?" Nikamwambia nitauliza.

Jongoo_wa_Kihonda
Mwambie aje tumwoneshe.

Mwl_Mstaafu
Tumwonyeshe.

Fundi_Gerezani
Mkuu, bosi akishasaini anaweza kusaini tena? Ukivuta likizo iishe Agosti 8 unapata mwisho wa... hapana, Sabasaba unaikosa. Ngoja nihesabu.

Mpangaji_Kimara
Kesho nitamwona ofisini. Wakati huo huo mwenye kujua anijuze: mtoto wa miaka minne kwenye treni analipiwa nusu au anapakatwa bure?