Nani mwigizaji bora wa filamu wa wakati wote? Tuweke ushabiki pembeni

MzeeWaVitiVyaNyuma
Wadau, swali ni moja. Ukiambiwa utaje mwigizaji mmoja tu, mwanamume au mwanamke, aliyewapita wote tangu picha zianze kutembea, unamtaja nani? Naanza mimi: Daniel Day-Lewis. Ndiye mwanamume pekee mwenye Oscar tatu za mwigizaji mkuu: My Left Foot, There Will Be Blood na Lincoln. Kwenye hiyo ya kwanza anacheza mtu anayechora na kuandika kwa mguu wa kushoto, na wakati wa kurekodi alikataa kutoka kwenye kiti cha magurudumu hata kamera zikizimwa. Wenzake walimbeba kuvuka nyaya za taa, wakamlisha kwa kijiko. Nani mwingine ana moyo huo? Jina moja, na sababu. Tafadhali msituletee masteringi wa kupiga ngumi.

Ngumi_Jiwe
Umeanza kwa matusi halafu unaomba mjadala. "Masteringi wa kupiga ngumi" ndiyo nini? Jackie Chan kwenye Police Story ya 1985 aliteleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa, hana kamba, hana wa kumrukia badala yake, mikono ikaungua. Kwenye Armour of God alidondoka kutoka mtini akapasuliwa kichwa hospitali. Wako alikaa kwenye kiti akalishwa. Mtoto mchanga naye apewe tatu.

BintiProjekta
😂 Kaka, kudondoka siyo kuigiza. Ila na Mzee naye aelewe kwamba kulishwa kwa kijiko siyo kuigiza pia. Hayo ni maandalizi, mtazamaji hayaoni. Kuna kisa kinachosimuliwa sana cha Marathon Man: Dustin Hoffman alifika kazini hajalala ili afanane na mhusika aliyechoka, Laurence Olivier akamuuliza kwa nini asijaribu tu kuigiza. Utamu wake ni kwamba Hoffman baadaye alieleza kuwa kukesha kwenyewe kulitokana pia na starehe za usiku.

Kura yangu Meryl Streep. Kateuliwa Oscar mara 21, hakuna wa kumkaribia. Kwenye Sophie's Choice alijifunza Kipolandi na Kijerumani, na akiongea Kiingereza unamsikia Mpolandi anayetafuta neno, analikosa, analizunguka.

Kimya_Kingi
Kama mzani ni Oscar, mjadala umeisha kabla haujaanza: Katharine Hepburn anazo nne, zote za mwigizaji mkuu, ya mwisho kwa On Golden Pond ya 1981. Fungeni mlango tukalale.

Radi_ya_Saba
Al Pacino. Mtu aliyechukua Oscar kwa The Godfather mnamlinganisha na nani?

BintiProjekta
Radi, Oscar ya The Godfather ni ya Marlon Brando, na aliikataa. Mwaka 1973 alimtuma Sacheen Littlefeather jukwaani kuikataa kwa niaba yake. Pacino picha hiyo aliwekwa kundi la waigizaji wasaidizi na hakupata. Part II akashindwa na Art Carney. Ya kwake aliipata kwa Scent of a Woman, mwaka ambao Denzel Washington alikuwa mezani na Malcolm X. Kuna watu hawajasamehe mpaka leo, na mimi ni mmoja wao.

Radi_ya_Saba
Godfather, Scent, zote ni Pacino. Hoja yangu iko palepale.

Upanga_Alani
Nashangaa mnazunguka Hollywood tu kama vile kamera hazikufika kwingine. Toshiro Mifune wa Japani. Picha 16 na mwongozaji Akira Kurosawa, kuanzia 1948 hadi 1965. Kwenye Seven Samurai anajikuna, anaruka, anajifanya samurai wakati kila mtu anaona ni mwana wa mkulima. Halafu inafika mahali anawageukia wale samurai wa kweli, anafoka kwamba wakulima ni waongo na wachoyo, sawa, lakini nani aliyewafanya hivyo? Anaanza na hasira, anamaliza amechuchumaa analia. Hakuna kilichokatwa kukuonyesha lini hasira iligeuka kuwa machozi.

Masikio_Mawili
Samahani lakini lazima hili lisemwe. Mtu anayetazama picha kwa maandishi ya chini hajatazama uigizaji, amesoma. Nusu ya uigizaji ni sauti: neno gani limebanwa, neno gani limeachiwa. Kama hujui Kijapani, huna mamlaka ya kumpima Mifune. Unamsifu kwa sababu umeambiwa ni mkubwa.

Upanga_Alani
"Umeambiwa." Haya. Katika Throne of Blood, 1957, Mifune anarushiwa mishale ya kweli na wapiga mishale wa kweli, inajikita ubaoni karibu na shingo yake, macho yamemtoka. Ule uso unataka kamusi?

Ngumi_Jiwe
Sasa ni sawa, mishale ya kweli inahesabika ila nguzo ya kweli haihesabiki. Naona.

Masikio_Mawili
Upanga, mtu akirushiwa mishale ya kweli na akaogopa, hapo ameigiza nini? Ameogopa.

BintiProjekta
Hiyo umempata 😅. Lakini hebu tufike kwenye hoja yako yenyewe. Robert De Niro alipata Oscar yake ya kwanza kwa The Godfather Part II, na karibu kila anachosema humo ni Kisicilia. Wapiga kura wengi waliompa walisoma maandishi ya chini. Sophia Loren naye alishinda kwa Two Women, anaongea Kiitalia. Roberto Benigni vilevile kwa Life Is Beautiful. Wote hao walipewa na watu "wasio na mamlaka"?

Masikio_Mawili
Sijapenda hiyo 😅. Mtu akicheka kabla ya kujibu ujue hana uhakika.

MzeeWaVitiVyaNyuma
Jamani, swali lilikuwa ni nani. Day-Lewis ana kura ngapi mpaka sasa?

Kimya_Kingi
Ana yako.

Mimi namjibu Masikio kwa jina moja: Chaplin. City Lights ni ya 1931, wenzake wote wameshahamia kwenye sauti, yeye kagoma kuongea. Mwishoni yule muuza maua, ambaye zamani alikuwa kipofu, anamwonea huruma mzururaji na kumshika mkono ampe sarafu. Kidole kinakitambua kiganja. Mkono wake unapanda polepole kwenye koti. Anauliza kwa maandishi kama ni yeye, Chaplin anaitikia kwa kichwa, ua liko karibu na mdomo, anatabasamu kama mtu anayengoja kufukuzwa. Hakuna sauti ya mtu hata moja. Nusu ya uigizaji imeenda wapi hapo?

Asiyelala
Naingia kwenye hili la sauti maana ndilo linanisumbua siku nyingi. Waitalia hawasomi maandishi ya chini, wao wanatia sauti za Kiitalia juu. Kwa miaka mingi De Niro, Pacino, Hoffman na Stallone wote kule walikuwa na sauti ya mtu mmoja, Ferruccio Amendola. Ilipokuja Heat ya 1995, De Niro na Pacino wanakaa meza moja ana kwa ana, ikabidi mmoja apewe mtu mwingine: Amendola akabaki na De Niro, Pacino akaenda kwa Giancarlo Giannini. Sasa niambieni, Mwitalia anayesema De Niro ni bora kuliko wote anamsifu nani?

Masikio_Mawili
Anamsifu Amendola. Ahsante, umenisaidia.

Asiyelala
Sijakusaidia. Amendola mwenyewe alikuwa anaufuata mdomo wa De Niro, anavuta pumzi De Niro anapovuta. Uso ndio uliompa kipimo.

Nyota_ya_Jioni
Na sisi wa picha za Kihindi mnatuweka wapi? Amitabh Bachchan akifungua mdomo kuimba, mara nyingi unayemsikia ni Kishore Kumar. Tunajua, na tunalia vilevile. Sridevi alicheza picha za Kihindi miaka kadhaa huku sauti ikiwa ya mwingine, mpaka Chandni ya 1989 ndipo ikasikika yake. Ina maana kabla ya hapo alikuwa hajaigiza? Yule mwanamke alikuwa na uwezo wa kuchekesha kwa nyusi peke yake. Na kura yangu ni kwa Bachchan, Deewaar na Sholay mwaka mmoja, 1975, mhusika wa hasira na mhusika wa utani mkavu.

Radi_ya_Saba
Pacino 1975 alikuwa na Dog Day Afternoon. Nasema tu.

Masikio_Mawili
Nyota, kuimba ni kitu kingine, hapo hata Hollywood wanafanya. Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady nyimbo nyingi aliimba Marni Nixon. Na unajua kilichotokea? Hakuteuliwa hata kuteuliwa, mwaka huohuo Julie Andrews anayeimba mwenyewe akaondoka na tuzo kwa Mary Poppins. Watu wanajua sauti ikikosekana.

Ngumi_Jiwe
Darth Vader wa Star Wars. David Prowse mwili, James Earl Jones sauti, na ile kofia ilipovuliwa uso ukawa wa mzee mwingine kabisa, Sebastian Shaw. Watu watatu, mhusika mmoja, na dunia nzima inamjua. Masikio mpe nani kura?

Masikio_Mawili
Jones. Hilo nalo la kuuliza? Ondoa sauti ile ubaki na mtu mrefu kwenye plastiki nyeusi.

Upanga_Alani
Na ukiondoa mwendo ule unabaki na redio.

BintiProjekta
Wote mnasahau kuna mtu wa tatu, na huyo ndiye anayeninyima usingizi: mkataji wa picha, yule anayekata na kuunganisha vipande vya filamu. Warusi waliwahi kuchukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uleule ambao haujabadilika, wakaupanga pembeni ya bakuli la supu, kisha pembeni ya jeneza la mwanamke. Kama mwongozaji Pudovkin alivyosimulia, watazamaji walimsifu jamaa jinsi alivyoonyesha njaa, jinsi alivyoonyesha majonzi. Jamaa hakuonyesha chochote. Kwa hiyo tukisema "Mifune hapa", "Pacino pale", sehemu fulani ya sifa ni ya mtu aliyekaa chumbani na mkasi. Ndiyo maana mimi nawaamini zaidi wanaoachiwa muda mrefu bila kukatwa, kama ile ya wakulima aliyoitaja Upanga.

MzeeWaVitiVyaNyuma
Kwa hiyo sasa bora wa wakati wote ni mkasi. Nilileta mjadala wa waigizaji nikaishia na Warusi na supu. Day-Lewis alitangaza kuacha 2017, akarudi 2025 na Anemone ya mwanawe. Mngemwacha akapumzika tu.

Upanga_Alani
Masikio, swali moja, jibu bila kuzunguka. Kuna mwigizaji hata mmoja usiyejua lugha yake aliyewahi kukuliza?

Masikio_Mawili
Yupo. Falconetti, The Passion of Joan of Arc ya 1928. Wanamnyoa nywele, za kweli, kamera iko usoni, hana vipodozi, chozi linashuka hata halifuti. Lakini ile picha haina sauti, kwa hiyo haihesabiki.

Upanga_Alani
Haihesabiki kwa nani?

Kimya_Kingi
Na ina maandishi, tena siyo ya chini, ni ya skrini nzima katikati ya nyuso. Kwa hiyo ulisoma, na ukalia.