Mfungaji aliyefukuzwa shule kwa mimba: picha yake iwekwe ukutani au isiwekwe?

MLETA MADA: Wakuu, salaam. Sisi tuliosoma shule fulani ya bweni ya wasichana huko Nyanda za Juu Kusini (jina nalihifadhi) tumechangishana, na ukuta wa bwalo unapakwa rangi ili zibandikwe picha za wanamichezo na viongozi waliowahi kuitoa shule kimasomaso. Kamati imeleta vigezo. Uwe ulichezea mkoa kwenye UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) au zaidi ya hapo, au uwe kiongozi "aliyeinua michezo" shuleni, na kwa vyovyote vile uwe ulihitimu. Kundi zima likajaa vikaragosi vya makofi. Mimi nimekwama kwenye hicho cha kuhitimu.

Nilipoingia kidato cha kwanza alikuwepo dada mmoja wa kidato cha tatu, mfungaji wa netiboli. Mpira ukimfikia chini ya goli, sisi wa pembeni tulishaanza kushangilia kabla hajarusha. Mkoa aliuchezea akiwa kidato cha pili. Halafu shule ikafunguliwa Julai, tukapangwa foleni kupimwa mkojo kama ilivyokuwa desturi, na kesho yake godoro lake halikuwepo. Kizibao chenye herufi GS, cha mfungaji, kikapewa mwingine. Hakuna aliyetuambia kitu, nasi hatukuuliza.

Wakati ule shule ilikuwa na pa kusimamia. Kanuni za elimu za 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa makosa ya kimaadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017, Rais Magufuli akiwa Bagamoyo alisema wazi kwamba katika utawala wake aliyezaa harudi shule. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Ndalichako, akatangaza kuwa wanaruhusiwa kurudi. Serikali imeshalegeza, kamati yetu bado imekaza. Aingie, asiingie? Nawasilisha.

MWALIMU MSTAAFU: Binti yangu, uchungu wako nauelewa, maana na mimi nimewahi kusimama kwenye foleni hizo nikiwa na orodha mkononi. Lakini ukuta wa shule si albamu ya marafiki. Mtoto wa kidato cha kwanza ataisimamia ile picha na kuuliza huyu alimaliza mwaka gani, na mwalimu wa zamu ndiye atakayejibu. Halafu tunao wengi wasio na utata ambao tumewasahau kabisa. Nenda darasa lolote utaje Filbert Bayi, watakwambia Christchurch 1974, rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:32.2. Sasa taja Theresia Dismas. Huyu alileta medali ya fedha ya mkuki kutoka Michezo ya Afrika, Brazzaville 1965, miaka tisa kabla ya Bayi kuvunja rekodi ile. Utasikia kimya. Tuanze na hao.

MBIO NDEFU: Mimi wala sina shida na huyo dada. Shida yangu ni hiyo "kiongozi aliyeinua michezo". Hapo ndipo atakapopita mbunge aliyeleta mipira miwili na jezi zenye sura yake mgongoni, na picha yake itakuwa kubwa kuliko za wachezaji. Jirani zetu wa Iten, Kenya, pale shule ya St Patrick's, wana utaratibu mzuri: mwanafunzi wa zamani akitwaa ubingwa wa dunia au wa Olimpiki anapanda mti, na mti unabaki na jina lake. Mti ule unaupata kwa kukimbia. Kiongozi wa kuwekwa ukutani kwenu ni matroni aliyekuwa anawafulia jezi usiku, au mwalimu aliyekata nauli kwenye mshahara wake. Majina yao mnayo?

Na jingine, msikimbilie wanaocheza bado. Mkenya Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56, rekodi ya dunia ya wanawake, dunia nzima ikasimama. Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu kwa dawa zilizokatazwa. Ungekuwa umeshamchora ukutani ungefanyaje, unapaka chokaa? Subirini mtu astaafu.

BABA MABINTI: Kwa hiyo tuwaambie mabinti zetu, zaa tu, ukijua kufunga magoli utawekewa picha? Ninalipa ada mimi.

MLETA MADA: Shikamoo mwalimu. La Theresia Dismas nimelichukua na nimelipeleka kwenye kamati, ingawa hakusoma kwetu. Anaweza kupewa kona yake mlangoni. Mbio Ndefu, umenigusa. Matroni wetu hayumo kwenye orodha. Diwani yumo.

Baba Mabinti, sitabishana nawe kuhusu ada. Nikwambie kitu kimoja tu. Aliyempa mimba dada yule alikuwa anasoma shule ya wavulana ya jirani, kidato cha sita. Alihitimu. Kwenye ofisi ya mkuu wa shule yao kuna ubao wa viranja wakuu wa miaka yote, jina lake lipo kwa rangi ya dhahabu, nimeliona kwa macho yangu nilipompeleka mdogo wangu kuanza kidato cha tano. Hakuna mzazi aliyeuliza ubao ule unawafundisha nini wavulana.

BABA MABINTI: Hapo umenibana. Ila bado.

SHANGAZI: Jamani, mnamgawana mtu kama nyama ya shughuli. Mwenyewe mmemuuliza?

MLETA MADA: Hatukuwa tumemuuliza, shangazi, na nimeona aibu. Nimempigia leo asubuhi. Ana genge la mboga karibu na stendi, na jioni anafundisha netiboli timu ya kata, bila malipo. Nilipomweleza alicheka sana, akauliza kama lile goli la mti wa mlingoti bado lipo. (Lipo, limeinama.)

Nikamwambia kamati imeanza kulegea. Mwenyekiti amependekeza picha iwekwe na chini yake yaandikwe maneno: "Mfungaji bora wa shule, aliacha masomo kidato cha tatu." Akanyamaza kidogo. Akasema picha hana neno, waweke, ila hayo maneno hayataki. "Mimi sikuacha. Niliachishwa."

Nimeyapeleka kwenye kundi kama alivyoyasema. Mwenyekiti anasema neno hilo litaidhalilisha shule mbele ya wageni. Mchoraji wa maandishi anakuja Jumamosi na amelipwa nusu.