Hilux ya 3L inatoa moshi mweusi na kuchemsha mlima Kawetere ikiwa na trela: nikubali kuongezewa dizeli kwenye pampu?

Dereva wa Mwanjelwa:

Salamu kwenu ndugu zangu. Ninaomba ushauri kabla sijamkabidhi fundi gari, kwa sababu nimepewa maelezo mawili yanayopingana na sijui nishike lipi.

Nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1994 yenye injini ya 3L ya dizeli, isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini), ambayo niliinunua Dar es Salaam mwaka jana. Kule niliijaribu ikiwa na mzigo na nikaridhika kwamba ni nyepesi na inavuta vizuri. Tangu nilipoileta Mbeya, imekuwa gari jingine kabisa. Ninapeleka viazi mviringo Chunya na Makongolosi, kwa kawaida magunia kumi nyuma ya pikapu na mengine sita kwenye trela ndogo ya ekseli moja iliyochomelewa hapa mjini, ambayo haina breki zake yenyewe. Nikianza kupanda Kawetere ninalazimika kurudi gia ya pili, na sehemu nyingine ya kwanza, huku moshi mweusi ukiwafunika walio nyuma yangu. Nikikaribia kileleni mshale wa joto unasogea kwenye alama nyekundu, na nikisimama ninasikia maji yakitokota ndani ya rejeta. Asubuhi za baridi, hasa mwezi wa sita na wa saba, inawaka kwa taabu na kutoa moshi mweupe kwa dakika mbili tatu kabla haijatulia.

Fundi wa kwanza anasema pampu imechoka, hivyo aifungue skrubu kwa nusu mzunguko ili dizeli iingie nyingi na nguvu irudi. Wa pili anasema nifunge turbo ya gari jingine. Nimeshabadilisha filta ya dizeli mara mbili na sijaona tofauti yoyote. Je, nianzie wapi?

Fundi Pampu, Iringa:

Ndugu yangu, ninakuomba kwa dhati usiiruhusu skrubu hiyo iguswe kwa sasa. Moshi wako umeshakuambia tatizo liko upande gani. Injini ya dizeli inapokosa dizeli, kwa mfano filta ikiziba au hewa ikiingia kwenye mabomba ya kuvuta mafuta, hupungukiwa nguvu bila kutoa moshi mweusi. Moshi mweusi ni dizeli iliyofika ndani ya silinda ikakosa hewa ya kutosha kuichoma yote. Ndiyo maana filta mbili mpya hazikubadilisha kitu: ulikuwa unatibu njaa ya mafuta katika injini iliyokwisha kushiba mafuta.

Fikiria mahali unapoendesha. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Chunya inapovuka Kawetere inafika karibu mita 2,400. Kwa mita 1,700 uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na kwa mita 2,400 hupungua kwa takriban asilimia 20. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa kunyonya tu, kwa hiyo hupata upungufu huo wote. Pampu yako ni ya kimakanika: baadhi ya pampu za aina hiyo zina kifaa cha kupunguza dizeli kadiri gari linavyopanda, lakini nyingi ninazozifungua mezani hapa hazina, na hupima dizeli ileile Kariakoo na Kawetere. Kiwandani injini hiyo ilihesabiwa nguvu farasi zipatazo 91. Ukizitoa asilimia 20, unabaki na sabini na kitu za kuvuta pikapu, viazi na trela. Hakuna fundi anayeweza kuzirudisha zile zilizopotea kwa bisibisi. Dizeli ya ziada itakayoingia itageuka masizi na joto, na joto hilo ndilo hupasua silinda hedi na kuunguza pistoni.

Anza na njia ya hewa. Fungua boksi la filta ya hewa uitazame filta kwenye mwanga wa jua, kisha uufuate mpira unaotoka hapo kwenda kwenye injini kwa vidole, upande wa chini pia, kwa sababu mpira wa zamani hulainika na kujikunja kwa ndani injini inapovuta kwa nguvu, na ukiutazama gari likiwa limezimwa utauona mzima. Angalia pia kama bomba la moshi halijabonyezwa na jiwe. Baada ya hapo ndipo nozo, yaani vipulizia vya dizeli, zitolewe zipimwe. Nozo inayodondosha matone badala ya kupuliza ukungu hutoa moshi mweusi hata injini ikiwa na hewa ya kutosha. Mwisho, aliye na saa ya kupimia (geji ya mshale) apime taimingi ya pampu, yaani wakati inapopuliza dizeli, kwa kuwa dizeli ikichelewa kupulizwa injini hukosa nguvu na kupata moto kupita kiasi, jambo linalofanana sana na malalamiko yako. Kama hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ubadilishe wakati huohuo. Katika injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vavu hugongana na pistoni.

Moshi mweupe wa asubuhi ni habari nyingine, na mara nyingi ni nyepesi. Ondoa bamba linalounganisha hita plagi nne (zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha), kisha chukua taa ya majaribio iliyofungwa kwenye chanya ya betri uguse kichwa cha kila plagi. Ile isiyowasha taa imekufa. Zote zikiwa nzima, hapo ndipo utakapofikiria kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 5 kwa sentimita ya mraba.

Kuhusu kuchemsha, kuna jambo ambalo mafundi wa pwani hawalikumbuki. Kila mama wa nyanda za juu anajua kwamba maharage hapa hukawia kuiva, kwa sababu maji ya sufuria iliyo wazi huchemka mapema: Mbeya ni takriban nyuzi 94, na Kawetere kama 92. Rejeta hukwepa tatizo hilo kwa mfuniko wake, ambao hubana mvuke na kuyafanya maji yavumilie hadi zaidi ya nyuzi 110. Springi ya mfuniko ikilegea, Dar es Salaam unaweza usione dalili kwa miezi, lakini mlimani maji yatatokota mara moja. Nunua mfuniko mpya wenye namba ileile iliyoandikwa kwenye wa zamani. Halafu izime injini ikiwa ya moto na uizungushe feni kwa mkono: ikizunguka kwa urahisi bila kukukatalia, klachi ya feni imekufa na haivuti hewa ya kutosha katika mwendo wa gia ya pili. Ukiona mpira wa juu wa rejeta umekuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, au mapovu yanapanda mfululizo kwenye maji, gasketi ya silinda hedi ina tatizo na usivute trela tena hadi ifunguliwe.

Mzigo wa Makambako:

Fundi amesema vizuri kuhusu kupanda. Mimi nimeendesha pikapu na malori madogo kati ya Njombe, Makambako na Iringa kwa miaka mingi, na kinachonitia hofu katika maelezo ya ndugu yetu ni kushuka.

Tuyahesabu magunia kwanza. Gunia halali ni kilo 100. Kama unapakia lumbesa, hesabu zako zote ni za uongo, kwa hiyo nitachukulia kwamba hupakii. Magunia sita ni kilo 600, na trela tupu ya chuma cha kuchomelea haikosi kilo 200 na zaidi. Una kilo 800 na ushei nyuma yako zisizo na breki hata moja, wakati katika nchi nyingi trela isiyo na breki huwekewa kikomo cha kilo 750. Pikapu yenyewe ina tani moja mgongoni. Breki za Hilux yako ndizo zinazosimamisha vyote hivyo kutoka Kawetere.

Kwa hiyo toa magunia mawili kwenye trela, au tafuta ekseli yenye breki. Wakati huohuo angalia namna mzigo unavyokaa. Sehemu ya uzito inayolala kwenye ndoano ya pikapu iwe karibu asilimia 10 ya uzito wote wa trela. Unaweza kuipima kwa kuegemeza pua ya trela juu ya mizani ileile ya magunia. Ikiwa magunia yamerundikwa nyuma ya ekseli, pua inainuka, na katika mwendo wa kilomita 60 au 70 trela huanza kuyumba kama mkia wa mamba.

Unaposhuka, ingiza gia kabla ya mteremko kuanza, na iwe ileile ambayo ungehitaji kuupanda mlima huo. Pale Kitonga nimeona watu wakiweka gia huru ili kuokoa dizeli, na nimeshuhudia magari yao chini kwenye korongo. Ni kosa hata kwa hesabu ya mafuta, kwa sababu injini ya dizeli inayosukumwa na mteremko, mguu ukiwa umetoka kwenye kanyagio, pampu yake hukata dizeli karibu yote, ilhali kwenye gia huru inaendelea kula dizeli ya sailensa, yaani ya kuunguruma tu bila kukanyagwa. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachiwa zipoe. Ukizikalia kwa wepesi mlima mzima zitaungua. Na oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, maana hunyonya unyevu wa hewa, na maji hayo yakichemka ndani ya mabomba kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo.

Nyuma ya Hilux, juu ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma), kuna vavu yenye mkono wa chuma unaosoma uzito wa mzigo na kugawa nguvu ya breki za nyuma. Katika magari ya umri huu mara nyingi imeganda kwa kutu, na breki za nyuma hazifanyi kazi ipasavyo hata pikapu ikiwa imejaa. Lala chini ya gari uuchezeshe mkono huo.

Mkulima wa Rungwe:

Naomba kuuliza, Fundi: kama tatizo ni hewa, je, turbo si ndiyo dawa yenyewe?

Fundi Pampu, Iringa:

Swali lako ni la haki, na kwa nadharia jibu ni ndiyo. Turbo ndogo inayorudisha tu hewa iliyopotea kwa sababu ya mwinuko, bila kuongeza dizeli hata tone, ingeondoa moshi na kupunguza joto la moshi unaotoka. Shida ni kwamba sijaona anayeishia hapo. Gari likishapata turbo, wiki inayofuata mwenyewe anarudi kuongeza dizeli kwenye pampu. Injini ya 3L ina mbano wa zaidi ya 22 kwa 1 na haikuundwa kwa msukumo huo. Ukijumlisha turbo, bomba la oili, geji ya joto la moshi na kazi ya fundi makini, unakaribia bei ya kununua injini iliyotoka kiwandani na turbo yake. Kwa anayebeba viazi, pesa hiyo ni afadhali iende kwenye breki.

Dereva wa Mwanjelwa:

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu, na ninawashukuru kwa moyo wote.

Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi jekundu hadi haipitishi mwanga, na mpira wake ulikuwa umeachana tabaka la ndani, kama alivyosema Fundi. Mfuniko wa rejeta nimeubadilisha, klachi ya feni ilikuwa imekufa, na hita plagi mbili kati ya nne hazikuwasha taa. Baada ya hayo maji hayatokoti tena na asubuhi inawaka mara moja, lakini moshi mweusi ulipungua kwa nusu tu. Ndipo nilipoipeleka pampu kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, na jambo la kwanza alilonionyesha ni kwamba lakiri ya skrubu, yaani muhuri wa kuizuia isiguswe, ilikuwa imekatwa zamani. Mtu alishaifungua huko Dar es Salaam. Ule wepesi ulionifanya niinunue ulikuwa dizeli ya ziada, na kwa hewa nzito ya pwani ilikuwa inaungua.

Ameirudisha kwenye kipimo cha kiwandani na kuipunguza kidogo zaidi kwa ajili ya mwinuko. Jumamosi nilipanda Kawetere na magunia kumi pikapuni na manne kwenye trela. Bado ninapanda kwa gia ya pili, lakini moshi ni mwepesi na mshale wa joto haukuvuka katikati. Vavu ya breki juu ya difu ilikuwa imeganda kabisa. Imelowekwa, imeachia, na sasa ninatafuta ekseli ya trela yenye ngoma za breki. Mwenye kujua inakopatikana kati ya Uyole na Mbalizi aniandikie hapa.

Mzigo wa Makambako:

Tafuta ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokatwa, yenye ngoma zake nzima, na umwambie mchomeleaji asiikate mabano ya kebo ya breki ya mkono, kwa sababu ndiyo utakayoivutia breki ya trela kutoka kwenye pua. Hadi hapo baki na magunia manne.