Kutembea peku Lushoto mjini mpaka Irente: nyayo za mtu wa ofisini zitahimili?

KijanaWaTabata:
Wakuu, habari za jioni. Tangu mwaka jana kila Jumapili alfajiri natembea peku ufukweni, Mbezi Beach, kama saa nzima. Kero pekee ni yale matunda ya mivinje yenye meno. Ukikanyaga moja unaruka kama umekanyaga kaa la moto.

Julai nina likizo ya siku nne, naenda Lushoto. Nataka nitoke mjini mpaka Irente, kule juu ukingoni mwa milima, peku, kwenda na kurudi. Nilipomwambia mama alicheka mpaka akakaa chini: "Sisi tulikwenda shule peku kwa kukosa. Wewe unalipa nauli kuifuata shida?" Mnaoijua njia, naomba uzoefu. Miiba ikoje? Funza bado wapo? Nawasilisha.

MtotoWaSoni:
Karibu kwetu mkuu. Mimi ni wa Soni, viatu vya kwanza nilivaa nikiwa darasa la tano, na bado nilikuwa navivua kwenye mteremko ili visiishe soli.

Mchanga wa bahari umekudanganya. Mchanga hukupokea popote unapokanyaga. Kwenda Irente ni kama kilomita 5, na mpaka upite kijiji cha Yoghoi uko kwenye barabara ya magari: kokoto zimelala juu ya udongo mgumu, haziendi popote, unayekwenda ni wewe. Udongo mwekundu wenyewe hauna ugomvi. Julai asubuhi ni wa baridi na umeshikana, unakanyaga kama sakafu iliyosiribwa jana. Miiba isikutishe sana. Adui ni matunda ya mikaratusi, vikombe vidogo vigumu kama vifungo vya koti, vimejificha chini ya majani makavu. Kimoja kikikupata katikati ya unyayo, pale penye bonde, utamkumbuka mama na kicheko chake.

Halafu acha kutembea kwa kisigino. Fupisha hatua, goti lilegee, mguu utue bapa, na uzito usiuachie mpaka unyayo umeonja ardhi. Usiburute vidole. Kurudi kwenye mteremko nenda polepole zaidi, maana huko ndiko ngozi inakovutwa na malengelenge hutokea. Utachelewa, na watoto wa shule watakupita wakikimbia. Wavumilie.

Kuhusu sugu: watu hudhani sugu inaua hisia. Mwaka 2019 jarida la Nature lilitoa utafiti uliopima nyayo za watu Kenya, wanaovaa viatu na wanaokwenda peku, ikaonekana sugu nene haipunguzi uwezo wa kuhisi. Bibi yangu angewaambia bila kulipwa. Alikuwa akikanyaga kitu gizani, kabla hajawasha kibatari ameshasema hii ni sindano au hiki ni kijiti. Wewe sugu hizo huna bado, na Jumapili za Mbezi hazikupi. Ning'iniza katambuga kwenye mkoba.

NesiWaZamu:
Mimi nipo zahanati, siyo Lushoto. Funza wapo bado katika vijiji vingi vya nchi hii. Wanapenda vumbi kavu, mahali wanapolala mbuzi na nguruwe, na nyumba za sakafu ya udongo. Ukijiona na kivimbe cheupe chenye doa jeusi katikati, hasa pembeni ya kucha, kinachowasha, usikifinye. Nenda kituo cha afya kitolewe kwa kifaa safi. Nimeona familia nzima wakichokolewa kwa pini moja, na hilo lilinitisha kuliko funza mwenyewe.

Minyoo ya safura nayo huingia kupitia ngozi ya mguu, kwenye udongo wenye unyevu na kivuli ambako watu hujisaidia. Kwa hiyo ukitoka njiani kwenda kichakani, vaa. Na kabla ya safari ulizia chanjo ya pepopunda kama imepita miaka 10.

Mzee_wa_Kilabuni:
Mnamtisha kijana. Abebe Bikila alikimbia maratoni ya Roma 1960 peku, akarudi Ethiopia na dhahabu.

MtotoWaSoni:
Na 1964 Tokyo alivaa viatu akashinda tena, mzee wangu. Halafu Roma ilikuwa lami na mawe ya kupangwa, haikuwa mikaratusi.

KijanaWaTabata:
Wakuu, nimerudi. Mpaka Yoghoi nilijikaza, jasho linanitoka na baridi ile. Baada ya hapo nikashika ukingo wa barabara penye nyasi fupi zenye umande, na wakuu, hiyo sehemu siwezi kuieleza, miguu ilikuwa kama inakunywa maji. Kifungo cha koti kimenipata mara mbili. Kurudi nilivaa katambuga, sina haya.

Kabla ya Irente mama mmoja aliyejitwisha kabichi alisimama akaniangalia miguu kwa muda. "Mwanangu, umeibiwa viatu?" Nikakosa namna ya kumwambia nafanya kwa kupenda. Nikasema vinanibana. Akanionyesha kwa kidevu nyumba yake, niende nikachukue malapa ya mwanawe, nitayarudisha nikishuka.

Nikaenda nikayachukua. Ningesemaje?