Jarida linanidai dola 200 ili niondoe makala yangu. Naruhusiwa kuipeleka kwingine?

Karanga60:
Wakuu, habari za jioni. Niko mwishoni mwa uzamili, na chuoni kwetu huvai joho bila makala moja iliyokubaliwa na jarida. Utafiti wangu ni wa sumukuvu kwenye karanga. Nilinunua sampuli 60 kwenye masoko ya Kongwa na Kiteto, nikazipeleka maabara. Kwetu sumukuvu si mambo ya vitabuni, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Ikanijia barua pepe ya jarida moja kuniomba makala: "Salamu za siku kwako, Profesa mashuhuri." Mimi huyu, profesa! Nilicheka, lakini nikatuma. Siku ya nne makala imekubaliwa, na ankara ya dola 450 juu. Maoni ya wahakiki, wale wataalamu wanaoipima makala kabla haijakubaliwa, yalikuwa mistari miwili: makala nzuri, rekebisha sarufi. Sasa kwenye Jedwali la 3 nilikosea kuandika, asilimia zake ukizijumlisha unapata 108. Mtu aliyeisoma kweli angeliona hilo kabla chai yake haijapoa. Hapo ndipo nilishtuka.

Nimeomba kuiondoa, wanataka dola 200 za "usumbufu". Msimamizi wangu anasema lipa hizo 450 yaishe, halafu niongeze majina mawili: mkuu wa maabara, na bwana mwingine ambaye sijawahi kumtia machoni. Sijalipa kitu wala sijasaini fomu ya kuwakabidhi hakimiliki. Nikiituma jarida lingine kesho nitakuwa nimevunja maadili? Naombeni msaada, matusi hapana.

Kiroboto_Tz:
Tapeli haombwi ruhusa, mkuu. Tuma kwingine, piga kimya. Hawana jeshi hao.

MzeeWaRasimu:
Mwanangu, hizo dola 200 usilipe, hapo Kiroboto yuko sahihi. Ila kimya ndicho kitakachokuponza.

Nimekuwa mhariri msaidizi wa jarida moja la chuo miaka tisa. Kuna mwaka tulimtumia makala mhakiki wetu wa siku nyingi, mzee ambaye mpaka leo huichapa karatasini na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Kesho yake akanipigia: "Hii nimeirudisha juzi kwa jarida jingine, nikaonyesha mambo kumi na moja ya kurekebisha. Hapa naona hajarekebisha hata moja. Nyie mnanilipa?" Wahakiki hawalipwi, na hilo ndilo lililomuuma: jioni zake mbili zimeliwa na mtu mmoja. Tuliirudisha makala, tukamwandikia mwandishi atueleze. Alijibu kwamba majarida yetu yanachelewa. Ni kweli yanachelewa, sisi tulikuwa tunachukua hata miezi minane. Lakini makala moja hukaa meza moja kwa wakati mmoja, na ukiituma huwa umetamka hivyo kwa maandishi.

Kwa hiyo andika barua ya kuiondoa makala, iwe na tarehe, waandishi wote waweke sahihi. Sema hujalipa, hujakabidhi hakimiliki, hukubali ichapishwe. Wape siku 14. Wakijibu au wasijibu, muda ukipita itume kwingine, na mhariri mpya mweleze habari yote kwenye barua ya utangulizi, umwambatishie na mawasiliano. Sababu ni kwamba hawa jamaa wana mtindo wa kuichapisha hivyohivyo bila ridhaa. Ikitokea, mhariri wako mpya asikie kwako kwanza, asije kuigundua mwenyewe akadhani umeuza ng'ombe mmoja mara mbili.

Na safari nyingine, namba ya ISSN, ile ya kulitambulisha jarida, isikutishe. Ile ni kama namba ya gari, inakwambia gari ni lipi, haikwambii kama dereva anajua kuendesha. Wakidai ni wanachama wa COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa na wahariri wa Uingereza mwaka 1997, usiridhike na nembo. Nenda tovuti ya COPE yenyewe ukalitafute jina lao. Fanya hivyo hivyo kwa DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, na kwa AJOL, tovuti ya Afrika Kusini yenye majarida ya huku kwetu.

Wala usijione mjinga. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotuma makala ya uongo, ya dawa ya saratani, kwa majarida 304. Yaliyoikubali ni 157. Jina la mwandishi lilikuwa la kubuni, taasisi yake ya Asmara, Eritrea, ya kubuni pia, na makosa yaliachwa wazi makusudi.

Dada_Maabara:
Mimi nazungumzia majina. Fani za afya tunafuata masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo tangu 2013 ni manne, na mwandishi sharti ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito kwenye wazo, data au ufafanuzi wake, ameshiriki kuandika au kuhakiki kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuibeba kazi yote ikihojiwa. Mkuu wa maabara kukupa ufunguo hajatimiza. Mshukuru kwenye shukrani. Yule wa pili hata shukrani sijui utamshukuru kwa lipi.

Msimamizi usimkabili kwa hasira, bado unamhitaji. Mwandikie kwa upole: "Mwalimu, jarida linataka mchango wa kila mwandishi utajwe. Naomba unisaidie, hawa wawili niwaandikie nini?" Akishindwa kujaza hiyo nafasi, jibu umelipata.

Karanga60:
Asanteni sana. Barua nimetuma jana usiku. Leo wamejibu kwamba kwa kuwa mimi ni mteja mwema wamenipunguzia, nilipe dola 100. Sijajibu.

Dada_Maabara, nina swali. Kuna fundi sanifu wa maabara, kaka mmoja, alikesha na mimi siku tatu. Ndiye aliyegundua kwamba sampuli namba 17 na 18 tulizibadilisha vibandiko, akasema karanga za Kiteto haziwezi kutoa majibu yale kwa unyevu ule. Tukarudia kupima, kweli. Yeye hakuna aliyemtaja. Aende kwenye shukrani?

Dada_Maabara:
Angekuwa amepima tu, ningesema shukrani. Lakini huyo amefafanua data, sharti la kwanza tayari analo. Na masharti yenyewe yanasema mtu wa namna hiyo apewe nafasi ya kuisoma na kuirekebisha rasimu, msimnyime halafu mseme hakuandika. Mtumie leo. Mwanzishie na Jedwali la 3.